Uchambuzi wa kisa: Fundi aliyeshindwa na vitabu, na karatasi zilizokaribia kumfungia karakana

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mwenye karakana ya majokofu na vyumba vya baridi, mtu aliyepitia shule akishika mkia na ambaye leo analipa mishahara ya watu tisa. Nimekifuatilia nikiwa mshauri wa wafanyabiashara wadogo, na mwenyewe ameridhia kielezwe. Jina lake, mahali alipo, wateja wake na kila ambacho kingemtambulisha vimeondolewa. Humu ataitwa fundi, kama wafanyakazi wake wanavyomwita.

Hadithi za aina hii husimuliwa kwa namna moja: mtoto alifeli, akadharauliwa, akafungua biashara, akatajirika, na waliomcheka wakaja kumwomba kazi. Usimulizi huo unawaumiza watoto wanaoteseka darasani leo, kwa sababu unawaambia watu wazima kwamba mateso hayo yatajilipa yenyewe. Kisa hiki kinaonyesha jambo jingine. Shida ya shule ilimpa fundi mbinu ambazo wafanyabiashara wengi waliofaulu mitihani hawana, na shida hiyohiyo ikampa tabia ya kujificha iliyokaribia kumfilisi. Vyote viwili alivifanyia mazoezi kwenye dawati lilelile, kwa miaka ileile.

Usuli

Fundi alilelewa na wazazi waliojua kusoma na walioithamini shule. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ugumu wa mtoto mara nyingi hufunikwa na maelezo ya haraka kwamba nyumbani hakuna anayejali. Nyumbani walijali. Alinunuliwa vitabu, akatafutiwa mwalimu wa ziada, akabembelezwa, akagombezwa, akarudishwa darasa mara mbili. Herufi zilikataa. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa amesahau ulivyoanza, kwa sababu nguvu zote zilikwisha kwenye kuunganisha silabi. Maneno marefu aliyakisia kwa herufi ya kwanza na urefu wake.

Hakupimwa. Miaka mingi baadaye mwanawe alipoonyesha dalili hizohizo na mtaalamu akataja disleksia, fundi alijiona mwenyewe katika kila swali lililoulizwa. Disleksia ni ugumu wa kuhusisha herufi na sauti zake kwa wepesi. Si upungufu wa akili, na huelekea kujirudia ndani ya familia. Wala si jambo jipya: neno lenyewe lilianza kutumiwa na Rudolf Berlin, daktari wa macho Mjerumani, mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 ambaye hakuweza kujifunza kusoma licha ya akili zake nzuri. Mwalimu wa mvulana yule alisema angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Fundi aliposomewa habari hiyo aliomba irudiwe.

Darasani alijijengea njia za kupita. Kwa kuwa daftari lake halikuwa na faida kwake, alijizoeza kulishika somo lote likiwa bado mdomoni mwa mwalimu. Alikaa na msichana aliyesoma haraka lakini aliyekwama kwenye hesabu: yeye alimsomea swali, fundi alimweleza njia ya kulitatua, msichana akaandika. Alijua ni nani wa kumwomba nini na kwa maneno gani. Akajua pia kuisoma sura ya mwalimu na kukadiria zamu ya kusoma kwa sauti itafika kwake saa ngapi, na dakika chache kabla ya hapo akaomba ruhusa ya kutoka nje. Njia hii ya mwisho tutakutana nayo tena.

Sekondari aliiacha katikati.

Miaka ya kujifunza kazi

Alipokelewa na fundi mzee wa majokofu ambaye hakuwa na vitabu vya kufundishia wala haja navyo. Kazi ilifundishwa kwa kuona, kushika na kuulizwa. Kila mashine iliyoingia, mzee alimwuliza: unasikia nini? Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ikijaribu kuwaka ikashindwa hutoa mlio mfupi kisha hukatika, tena na tena. Feni yenye beringi iliyokwisha husaga. Koili, yaani bomba lililopindwapindwa la kupozea, ikiziba kwa barafu huonekana kabla hujagusa kitu. Mtoto aliyekuwa ameishi kwa masikio darasani alijikuta mahali ambapo masikio ndiyo kipimo cha kwanza.

Mzee alikuwa na desturi nyingine ambayo naiona kuwa na uzito kuliko ufundi wenyewe. Kijana alipokosea, mashine haikuondolewa mikononi mwake. Aliachwa nayo, alale nayo kichwani, na kesho yake wakakaa wote wawili kuifungua upya. Kukosea hapa kulikuwa na kesho. Shuleni kosa lilikuwa na alama tu, na alama ikishaandikwa hakuna aliyerudi kulitazama kosa.

Akakaa pale miaka saba.

Kufungua karakana

Alipoanza kujitegemea alifanya mambo mawili yaliyowashangaza wenzake.

La kwanza, mfanyakazi wake wa kwanza hakuwa fundi bali karani. Kazi zilikuwa bado chache, na mtu yeyote angemwambia atafute kwanza mkono wa pili wa ufundi. Yeye alijua kwamba karatasi zingemwangusha kabla ya mashine. Lakini hakumwambia karani sababu. Alimwambia, “Mimi sina muda wa karatasi.”

La pili, alikataa kutengeneza kila kitu. Majokofu ya nyumbani yalikuwa mengi, ila kila mteja ni mgeni, kila kazi ina maelezo mapya na ankara ndogo ya kuandika. Akaenda kwa wenye vyumba vya baridi: machinjio, hoteli, maghala ya dawa. Wateja wachache, mashine zilezile, mahusiano ya miaka. Alipokuwa akiniambia haya hakuyaita mkakati. Alisema tu kwamba alitaka kazi ambayo angeweza kuibeba yote kichwani.

Badala ya fomu za matengenezo alitumia simu. Kabla ya kufungua mashine aliipiga picha pande zote, kisha akajirekodi akisema anachokiona, anachokisikia na atakachokifanya. Baada ya miaka michache alikuwa na kumbukumbu ya sauti ya kila mashine aliyowahi kuigusa. Mteja akipiga simu kwamba chumba kimeacha kupoa, fundi alisikiliza rekodi ya mara ya mwisho akiwa njiani na mara nyingi alifika akiwa na kipuri sahihi mkononi. Karakana nyingi zilizojaa fomu zilizojazwa vizuri hazina kumbukumbu ya aina hiyo, kwa sababu hakuna anayezirudia fomu.

Rangi za mitungi

Gesi za kupozea hutofautiana, na kuchanganya si kosa dogo. R-410A hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa R-22 kwa karibu asilimia 60. Ukiiweka kwenye mfumo uliojengwa kwa R-22 unaweza kupasua bomba au kuua kompresa. R-600a inawaka moto. Fundi anayekisia jina la gesi anacheza na maisha yake na ya mteja.

Yeye hakukisia, alitegemea rangi. Kwa miaka mingi mitungi ilipakwa rangi kufuatana na gesi: R-22 kijani, R-134a buluu ya mbingu, R-410A waridi. Kisha miongozo ya tasnia nchini Marekani ikapendekeza kwamba kuanzia 2020 mitungi yote ipakwe rangi moja, kijivu chenye ukijani, na gesi itambuliwe kwa maandishi na lebo. Sababu ilikuwa ya msingi: gesi zilikuwa zimeongezeka kiasi kwamba rangi zilianza kufanana na kuwachanganya hata wanaosoma vizuri. Mitungi ya kijivu ilipoanza kufika kwenye karakana, njia yake ya kupita ikawa imefungwa.

Hapa alifanya uamuzi mzuri kwa sababu isiyo kamili. Aliweka sheria kwamba hakuna mtungi unaofungwa kwenye geji mpaka mtu mmoja asome namba ya mtungi kwa sauti na mwingine asome namba iliyo kwenye kibati cha mashine, kwa sauti vilevile, na zilingane. Vijana waliambiwa ni usalama, na kweli ilikuwa usalama. Tangu sheria ianze, mara mbili mafundi wanaosoma bila shida walinaswa wakiwa wamebeba mtungi usio wa mashine ile. Lakini fundi mwenyewe alihakikisha kila mara yeye si mmoja wa wasomaji, na hakumwambia yeyote kwa nini. Tayari alikuwa na karakana nzima iliyojengwa kuuzunguka udhaifu wake bila, kama alivyodhani, mtu mwingine yeyote kujua kwamba udhaifu upo.

Mkataba

Mteja mkubwa, mwenye vyumba kadhaa vya baridi, alimwita wazungumze kuhusu mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima. Walizungumza vizuri. Fundi ni mzungumzaji hodari. Anasikiliza, anakumbuka kila ulichosema, na anakuuliza swali ambalo hujawahi kuulizwa kuhusu mashine yako. Meneja aliridhika, akaeleza kwa mdomo yaliyomo kwenye mkataba, kisha akasogeza karatasi na kalamu.

Karani alikuwa likizo. Fundi angeweza kusema, “Nipe siku mbili.” Hakuna mteja wa maana anayekataa siku mbili. Lakini kichwani mwake, kusema anataka kwenda kuisoma karatasi ya kurasa tisa kulikuwa sawa na kukiri mbele ya meneja kila kitu alichokificha tangu utotoni. Alitia saini. Kwa namna ile ile aliyokuwa akiomba ruhusa ya kutoka nje zamu ilipokaribia, alichagua njia ya haraka zaidi ya kutoka kwenye kile chumba.

Meneja hakumdanganya. Aliacha tu vifungu viwili alivyoviona vya kawaida. Kimoja kilisema malipo yatafanyika siku 90 baada ya ankara kupokelewa. Kingine kilisema kwamba mtoa huduma asipofika ndani ya saa 4 tangu kupigiwa simu, siku yoyote na saa yoyote, atabeba gharama ya bidhaa zitakazoharibika.

Kifungu cha siku 90 kilianza kumkaba mwezi wa pili: vipuri vinunuliwe kwa fedha taslimu, mishahara ilipwe, na fedha za mteja mkubwa zingali karatasini. Alidhani ni bahati mbaya ya muda. Kisha, mwisho wa wiki moja, feni ya ndani ya chumba kimoja iliungua, barafu ikajaa kwenye koili na joto likaanza kupanda. Gari la karakana lilikuwa mbali. Walifika baada ya saa 6. Gharama ya bidhaa zilizoharibika ilikuwa sawa na faida ya karakana ya miezi mitano.

Katika juma hilohilo, karani akitafuta nakala ya mkataba kwenye droo ya fundi, alikuta bahasha za mamlaka ya kodi ambazo hazijafunguliwa. Fundi alikuwa akizipokea mwenyewe mlangoni na kuziweka huko.

Uamuzi wa kusema

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu: kufunga na kuanza upya kwa jina jingine, kukopa ili kulipa deni huku kila kitu kikibaki kilivyo, au kusema. Aliyemshinikiza kuchagua ya tatu hakuwa mimi, alikuwa karani, na mazungumzo yao niliyasikia kutoka kwa wote wawili yakilingana karibu neno kwa neno.

“Dada, si kwamba sina muda wa karatasi,” fundi alimwambia. “Sisomi vizuri. Sijawahi.”

“Fundi, mimi nimejua tangu mwezi wa kwanza,” karani akajibu. “Lakini nitakusomeaje barua unazonificha?”

Siku ya pili yake aliwaambia mafundi wote. Mmoja wa vijana, ambaye kila mara alijitolea kubeba mizigo ili asipewe kazi ya kuandika namba za vipuri, alimfuata jioni na kumwambia kwamba naye ni hivyohivyo.

Baada ya hapo taratibu zilibadilika kwa kasi. Kila Jumatatu asubuhi karani husoma kwa sauti barua zote zilizoingia wiki iliyopita, na fundi anaamua moja moja. Hakuna karatasi inayotiwa saini siku ilipoletwa. Mteja anaambiwa waziwazi kwamba hiyo ndiyo kanuni ya karakana. Mikataba husomwa na wakili mbele ya fundi, kifungu kwa kifungu, na fundi hurudia kwa maneno yake alivyoelewa. Mamlaka ya kodi walifuatwa kabla hawajaja, wakakubali deni lilipwe kwa awamu.

Kwa mteja mkubwa alikwenda mwenyewe akiwa na karani. Hakuomba kusamehewa deni. Alikiri kwamba walichelewa, kisha akaeleza kwa nini saa 4 haziwezekani kwa karakana yenye gari moja, na akapendekeza mambo mawili: alipe hasara kwa kazi, yaani mwaka mmoja wa matengenezo kwa nusu ya ada, na kila chumba kifungiwe kengele ya joto inayopiga simu yenyewe, ili wao wasisubiri mtu wa zamu agundue. Mteja alikubali. Malipo yakashushwa hadi siku 30. Hapa mbinu za darasani zilirudi kazini bila aibu juu yake: alimsikiliza mtu mwenye hasira mpaka mwisho, akajua anachohitaji, akabadilishana naye.

Matokeo

Karakana haikufungwa. Mwaka wa kulipa deni ulikuwa mgumu na fundi mmoja aliondoka kwa sababu mishahara ilichelewa. Mteja mkubwa yupo hadi leo. Kengele za joto zimegeuka kuwa huduma ya pili inayouzwa kwa wateja wengine.

Pengo lilibaki mahali pengine. Miaka miwili baadaye karani alipata kazi bora na kuondoka, kwa haki kabisa. Kwa muda wa miezi miwili Jumatatu za kusoma barua hazikufanyika, ankara zilitoka kwa kuchelewa na fundi akaanza tena kuweka bahasha droo ileile. Karani mpya alipopatikana kazi ya kwanza ilikuwa kuifungua.

Fursa ya kufungua tawi la pili aliikataa. Alisema karakana ya pili ingemhitaji kusoma ripoti badala ya kusimama karibu na mashine. Baadhi ya washauri wenzangu wanaona ni woga. Mimi naona ni hesabu sahihi ya mtu anayejua anaendesha biashara kwa njia gani.

Uchambuzi: alichopata darasani

Mbinu zake tatu zilikuwa za thamani sokoni. Alijua kumpa mwenzake kazi ambayo yeye haiwezi, na kumpa mapema. Wamiliki wengi wa biashara changa huanguka hapa: wanashika kila kitu mpaka wanazidiwa, kwa kuwa maisha yao yote walisifiwa kwa kufanya peke yao. Mtihani hupima mtu peke yake, na anayeomba msaada ndani yake ameiba. Fundi alikulia nje ya utaratibu huo. Pili, alisikiliza na kukumbuka. Tatu, alizoea kuwa katika hali ya kutokujua bila kuvunjika, na hicho ni kitu ambacho mwanafunzi bora hukutana nacho kwa mara ya kwanza akiwa tayari na mkopo mgongoni.

Hayuko peke yake. Julie Logan wa Cass Business School, London, katika utafiti uliochapishwa 2009, alikuta dalili za disleksia kwa asilimia 35 ya wajasiriamali wa Marekani aliowachunguza, na wenye dalili hizo walielekea zaidi kugawa kazi na kutegemea mazungumzo. Paul Orfalea, aliyeanzisha maduka ya kunakili ya Kinko's mwaka 1970 akiwa na shida kubwa ya kusoma, alipendelea kuzungukia matawi yake na kutazama kazi inavyokwenda kuliko kukaa ofisini na makaratasi. Ingvar Kamprad wa IKEA, ambaye namba za bidhaa zilimchanganya, alizipa samani zake majina. Njia ya kupita ya mtu mmoja ikawa utambulisho wa kampuni nzima, kama rekodi za sauti za fundi zilivyokuwa kumbukumbu ya karakana.

Uchambuzi: kilichomdhuru

Kujificha kulimgharimu zaidi ya kutokusoma. Hesabu ni rahisi: siku mbili za kusomewa mkataba zisingemgharimu chochote, na aibu iligharimu miezi mitano. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika biashara kifo hicho huja kwa bahasha.

Wenye majina makubwa nao hawakukwepa. Richard Branson, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alifika umri wa karibu miaka 50, akiwa na kundi kubwa la makampuni, bila kujua tofauti ya mapato ghafi na mapato halisi, mpaka mtu mmoja alipomchorea wavu wenye samaki: waliobaki wavuni ndio wako. Yeye alikuwa amezungukwa na wahasibu. Mwenye karakana mwenye tatizo hilohilo hana mhasibu hata mmoja, na kosa la mwezi mmoja linatosha kumwondoa.

Uchambuzi: mdogo wake

Kisa hiki hakikamiliki bila mdogo wake fundi. Wazazi walewale, shule ileile, ugumu uleule wa kusoma, ingawa kwa maelezo ya familia ulizidi kidogo ule wa kaka yake. Yeye hakupata fundi mzee. Alipelekwa chuo cha ufundi ambako nadharia ilitahiniwa kwa maandishi, akafeli, akarudishwa, akafeli tena. Leo ana zaidi ya miaka 30, anafanya vibarua vya siku moja moja na hataki kabisa kuzungumzia shule. Kaka yake alimpa nafasi karakanani mara mbili. Mara zote mbili aliondoka alipopewa jambo asilolijua, kabla hajajaribu.

Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mnyama aliyepitishwa kwenye maumivu asiyoweza kuyazuia huacha kujaribu hata pale njia ya kutokea inapokuwa wazi. Manu Kapur, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza, kwa upande wake alionyesha kwamba wanafunzi waliohangaika na swali gumu na kushindwa kabla ya kuelekezwa wanaweza kuelewa zaidi kuliko walioelekezwa mapema. Matokeo haya mawili hayapingani. Katika la Kapur, baada ya kushindwa huja mtu anayekaa na wewe kulifungua kosa. Fundi alimpata mtu huyo akiwa kijana. Mdogo wake hakumpata, na kwake yeye kushindwa kulizaa kushindwa tu.

Kwa hiyo kila takwimu ya wajasiriamali waliofeli shule inapaswa kusomwa pamoja na swali la walio nje ya takwimu hiyo. Utafiti wa Logan uliwauliza wenye biashara. Mdogo wake fundi asingeulizwa. Tena Ross Levine na Yona Rubinstein, katika utafiti wao wa 2017 kwa data za Marekani, walikuta kwamba wenye kuanzisha kampuni zilizosajiliwa kwa wastani walikuwa na elimu zaidi na alama bora za majaribio ujanani kuliko waajiriwa, hata kama walikuwa pia wavunjaji zaidi wa kanuni. Na biashara yenyewe haina huruma kwa yeyote: takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba karibu moja ya tano ya biashara mpya hufa ndani ya mwaka wa kwanza na karibu nusu ndani ya miaka mitano.

Kwa wanaofanya kazi na watu wa aina hii

Mzazi au mwalimu anayeona mtoto hodari wa kuzungumza anayezama kwenye maandishi atafute kipimo mapema, na asikae akitumaini kwamba mtoto atakuwa mfanyabiashara. Mtoto afundishwe kusoma kwa njia inayomfaa, na njia zake za kupita zisiitwe uvivu wala udanganyifu. Yule msichana wa hesabu na fundi walikuwa wakifanya kazi halali kabisa. Kama mwalimu angeiona na kuitaja kwa jina lake, huenda fundi asingejifunza kuifanya kwa kificho.

Mshauri wa biashara, benki au chama cha mikopo kinachompokea mteja asiyependa karatasi kisimwulize kama anajua kusoma, atasema ndiyo. Kimwulize nani anamsomea barua, zinasomwa siku gani, na huyo asipokuwepo nani anashika nafasi yake. Nilipomwuliza fundi hayo mara ya mwisho, mawili ya kwanza aliyajibu bila kusita. Kwa la tatu alimtaja yule kijana aliyemfuata jioni ile, ambaye sasa anahudhuria masomo ya kusoma ya watu wazima kwa gharama ya karakana, na akaongeza kwamba bado anasoma polepole mno kwa barua za kodi, kwa hiyo kwa sasa karani akiugua zinasubiri.